Ukuta Uliobaki: Historia Fupi ya Nyumba za Misioni na Kuta Zinazobeba



Wengi kati yenu, mlipoingia kanisani kwa ajili ya Misa ya Yubile, mmeuona ukuta ule wa upande wa kusini ungali umesimama mahali pake pa zamani, nao unatenga kanisa na chumba kile ambamo wakatekumeni walifundishwa tangu siku za wazee wetu. Mnajua vema kwamba kila shirika lilichanga kusudi ukuta huo ubomolewe, chumba kiunganike na kanisa, na watu wengi zaidi wapate mahali pa kukaa. Mchango ulitolewa, matofali yalichomwa, mchanga ulibebwa na mama zetu kichwani. Lakini ukuta haukubomolewa, na siku ya Yubile watu mia nyingi walisali nje, chini ya turubai. Manung'uniko yamesikika. Wengine wamesema halmashauri ya parokia imekula mchango. Wengine wamesema katekista mmoja mzee wa mawazo anapenda vitu vya kale kuliko watu walio hai. Katekista huyo ni mimi.

Nimeombwa niandike historia katika kitabu hiki cha Yubile. Nimeona vema niandike historia ya kuta, kwa sababu ndani yake mtalikuta jibu.

1. NYUMBA YA MITI: UDONGO NI NGUO TU

Wazee wetu wa huku magharibi ya ziwa Tanganika walijenga nyumba za miti na udongo, na wengi wetu tulizaliwa ndani ya nyumba za namna hiyo. Fundi alichimba mashimo, akasimamisha miti migumu ambayo mchwa hawaipendi upesi, akafunga fito kwa kamba, akaweka paa la nyasi, na mwisho kabisa akaita watu wakande udongo na kuujaza katikati ya fito. Angalieni utaratibu huo: paa lilikuwa juu tayari, nao udongo bado haujaingia. Maana yake ni kwamba udongo haubebi kitu. Mti ndio mfupa, udongo ni nguo.

Kwa hiyo mtu wa nyumba ya miti alikuwa na uhuru mkubwa. Akitaka mlango upande mwingine, alikata fito na kuondoa udongo, nyumba isisikie kitu. Akitaka kuunganisha vyumba viwili, alibomoa ukuta wa katikati asubuhi na jioni akalala humo humo. Sheria ilikuwa moja tu: usiguse mti uliosimama. Hata mtoto aliijua sheria hiyo, kwa maana mti ulionekana kwa macho.

Jicho hilo la wazee lilikuwa jema. Lakini liliumbwa kwa nyumba ya namna moja, na nyumba za namna nyingine zilikuwa njiani zinakuja.

2. NYUMBA YA MATOFALI: UKUTA WENYEWE NDIO NGUZO

Katika mwaka 1883 afisa Mbelgiji Émile Storms, aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, alianzisha kituo cha Mpala kwenye ukingo wa ziwa. Katika mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie katika mwaka 1868. Mpala lilikuwa boma. Siku zile wafanya biashara ya watumwa walikuwa wakipita katika inchi yote, na watu waliokimbilia misioni walihitaji mahali pa kujificha. Kapitani Léopold Joubert alifika katika mwaka 1887 kuwalinda, akabaki pamoja na watu wetu hadi kufa kwake katika mwaka 1927.

Basi ukuta wa kwanza mnene ambao wengi wa wazee wetu waliuona ulikuwa ukuta wa kuzuia risasi. Tuliweke neno hilo moyoni, kwa kuwa litatufaa mbele: unene wa ukuta waweza kuwa alama ya woga, wala si alama ya mzigo.

Kiisha, katika mwaka 1893, misioni ya Baudouinville ilianzishwa, ambayo leo ni Kirungu huko Moba. Hapo Monsinyori Victor Roelens alifanya makao yake ya kiaskofu, na hapo Padri Stefano Kaoze alipewa upadri katika mwaka 1917, wa kwanza kati ya wana wote wa Kongo. Kanisa kubwa la matofali lilisimama huko. Katika misioni hizo Mafurere ndio waliosimamia ujenzi mara nyingi, nao waliwafundisha vijana wetu kufinyanga tofali, kulichoma, kulipanga kwa uzi na timazi, na kuchonga mbao za paa.

Ujenzi huo uligeuza mambo yote. Katika nyumba ya matofali hakuna mti uliofichwa ndani. Tofali limelala juu ya tofali, na juu kabisa zimelala mbao za paa. Uzito wa paa unaingia katika tofali la juu, unashuka safu kwa safu, hata kufika kwenye msingi, na msingi unaupa udongo. Ukuta ni nguo, na mfupa pia. Tena ukuta wenyewe ni mzito: kipande cha ukuta chenye urefu wa metre moja, kimo cha metre tatu na unene wa tofali zima, kina uzito unaopita kilo 1000 kabla hakijabeba kitu chochote.

Hata hivi jicho letu halikugeuka upesi kama nyumba. Waashi walijua, maana Furere aliwapiga kelele kila siku. Lakini sisi wengine tuliohamia nyumba za matofali tulikuja na sheria ya nyumba ya miti: ukuta ni udongo mgumu, wabomolewa tu. Msiba mwingi umetoka hapo.

Katika karne ya 19 namna ya tatu ilizaliwa huko Ulaya. Mfaransa Joseph Monier alipata hati ya serikali katika mwaka 1867 kwa vyombo vya simenti vilivyofumwa ndani kwa chuma, na katika mwaka 1892 mwenzake François Hennebique alipata hati kwa namna ya kujenga nyumba nzima kwa nguzo na boriti za betoni yenye vyuma. Nyumba za namna hiyo zinaonekana leo katika miji yetu. Ndani yake mambo yanarudi karibu na yale ya wazee: nguzo na boriti ndizo zinazobeba, na matofali yaliyojazwa katikati hayabebi paa. Kumbe jicho la babu zetu lingefaa hapo kuliko katika nyumba ya padri!

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza ukuta fulani ni wa namna gani, sharti tuulize nyumba yenyewe ni ya ukoo upi: ya miti, ya matofali, au ya betoni. Na nyumba nyingi za kwetu ni za machanganyiko, kwa sababu baba alianza, mwana akaongeza, na mjukuu akaezeka upya.

3. YALIYOTOKEA BEAUVAIS NA ROMA

Mtu asidhani kwamba makosa ya namna hii ni ya watu wasiosoma. Kanisa Katoliki lenyewe limelipa karo kubwa katika shule hii.

Huko Beauvais, katika inchi ya Ufaransa, wakristu walitaka kanisa refu kuliko mengine yote. Sehemu ya altare ilimalizika katika mwaka 1272, nayo dari yake ya mawe ilifika kimo cha metre 48 hivi. Katika mwaka 1284 sehemu ya dari hiyo ilianguka. Wataalamu wangali wanabishana juu ya sababu yake, lakini dawa waliyotumia mafundi wa siku zile inaonekana hadi leo: katikati ya nguzo za zamani walisimamisha nguzo nyingine mpya, kusudi mzigo ugawanyike kati ya nguzo nyingi zaidi.

Watoto wao walisahau. Katika mwaka 1569 walimaliza kujenga mnara wa metre 153 juu ya makutano ya kanisa, wakati nyumba ndefu ya upande wa magharibi ilikuwa bado haijajengwa. Nyumba hiyo ndiyo ingeshikilia nguzo za mnara kwa upande ule. Nguzo zilikuwa na nguvu za kubeba uzito uliozikandamiza toka juu, lakini kwa upande mmoja hazikuwa na ndugu wa kuziegemeza. Tarehe 30 Aprili 1573, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, mnara ulianguka. Kwa huruma ya Mungu wakristu walikuwa wametoka nje muda mfupi mbele yake, katika maandamano ya sikukuu. Nyumba ile ya magharibi haikujengwa kamwe, na kanisa la Beauvais limebaki nusu hadi leo.

Na Roma je? Katika kanisa la Mtakatifu Petro kuba kubwa lililochorwa na Michelangelo, likamalizwa katika mwaka 1590 baada ya kufa kwake, linasimama juu ya nguzo nne nene sana. Katika karne ya 17 fundi mashuhuri Bernini alipewa kazi ya kupamba nguzo hizo, akatengeneza humo vyumba vya masanamu na mahali pa kuwekea masalio matakatifu. Baadaye nyufa zilionekana kwenye kuba, na watu wakamlaumu Bernini: amezitoboa nguzo zinazobeba! Mwandishi Baldinucci, katika kitabu cha maisha ya Bernini kilichotoka mwaka 1682, alilazimika kumtetea kwa kirefu. Bernini alikuwa amekwisha kuonja aibu ya namna hiyo. Mnara wa kengele aliouanza katika mwaka 1638 kwenye uso wa kanisa hilo hilo ulileta nyufa katika ukuta uliokuwa chini yake, kwa sababu msingi haukuweza kuuchukua uzito mpya, na katika mwaka 1646 Papa Inosenti wa kumi aliamuru ubomolewe.

Karibu miaka mia moja baadaye nyufa za kuba zilizidi. Papa Benedikto wa kumi na nne hakusema "tuombe tu", wala hakusema "tubomoe tu". Aliwaita kwanza watu wa hesabu watatu, nao wote walikuwa watawa: Padri Boscovich wa Shirika la Yezu, na Mapadri Le Seur na Jacquier. Kiisha akamwita Giovanni Poleni, mwalimu wa Padova. Walionyesha kwamba kuba, kwa uzito wake, linasukuma kuta kwenda nje, kama vile mtu aliyesimama ametanua miguu juu ya matope huteleza kila mguu upande wake. Dawa ilikuwa kulifunga kwa pete za chuma, kama tunavyofunga mzigo wa kuni, na kazi hiyo ilimalizika katika mwaka 1748. Hadi leo kuba limesimama.

Mambo mawili tuyachukue toka Roma. La kwanza: nyumba haikandamizi chini tu, husukuma pembeni vilevile. La pili: Baba Mtakatifu mwenyewe aliuliza wenye ujuzi mbele ya kugusa.

4. INCHI INAYOTIKISIKA

Sisi wa huku tuna sababu nyingine ya kuogopa. Maziwa yetu, toka Tanganika hadi Kivu na kuendelea kaskazini, yamelala katika bonde ambamo inchi inapasuka polepole, na kila mara inatikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu 6,8 lilitokea chini ya ziwa Tanganika, na watu wa Kalemie waliona nyumba zao zikianguka. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Bwana, tetemeko lingine lilipiga Bukavu na Rusizi ya Rwanda, na huko Rusizi watu waliokuwa wakisali walikufa chini ya kanisa lililowaangukia.

Tetemeko halibishi mlangoni. Siku zote za amani ukuta hubeba paa toka juu hadi chini. Siku ya tetemeko inchi inauvuta ukuta kushoto na kuume, na hapo ndipo tunapojua kazi ya kuta nyingine, zile ambazo hazibebi mbao hata moja, lakini zimeshikana na ukuta mrefu kwa pembe na kuuzuia usilale. Ukuta wa namna hiyo, ukiutazama juu, utasema hauna kazi. Ukiuondoa, ukuta wa jirani yake unabaki mrefu na peke yake, kama mnara wa Beauvais.

5. NAMNA YA KUUTAMBUA UKUTA UNAOBEBA

Katika Kitabu cha Waamuzi tunasoma juu ya Samsoni. Macho yake yalikuwa yameng'olewa, hata hivi alijua jambo ambalo wenye macho wengi hawalijui: kwamba katika nyumba kubwa iliyojaa watu kuna nguzo mbili ambazo nyumba yote inazitegemea. Alimwomba kijana aliyemshika mkono amfikishe penye nguzo hizo. Samsoni alizitafuta kusudi aangushe; sisi tunazitafuta kusudi tusiangushe. Lakini kazi ya kutafuta ni ile ile, na inafanyika kabla ya kuinua nyundo.

Wazee waashi wa parokia wamenifundisha maulizo haya, nami nayaandika kwa faida ya kila jamaa inayotaka kupanua chumba, kufungua duka barazani, au kuongeza mlango.

Kwanza, panda juu ya dari na taa mkononi. Tazama kenchi za paa zimelala wapi. Ukuta ambao mbao zimelala juu yake unabeba. Zikipita juu yake bila kuugusa, na mkono wako unaweza kuingia katikati, labda haubebi. Tazama hasa mahali ambapo vipande viwili vya ubao vimeungana: mara nyingi fundi aliviunganisha juu ya ukuta, na hapo ukuta umebeba vichwa viwili.

Pili, tazama mbao zinakwenda upande gani. Kuta zinazozikatiza njia kama msalaba ndizo zinazobeba mara nyingi. Kuta zinazokwenda sambamba nazo mara nyingi hazibebi, lakini si mara zote.

Tatu, pima unene. Ukuta wa tofali zima una centimetre 20 na zaidi; wa nusu tofali ni nusu yake. Ukuta mnene hushukiwa kuwa wa kubeba. Lakini kumbuka boma la Mpala: unene si ushuhuda wa kutosha. Na wembamba pia si ushuhuda, kama nitakavyoungama hapa chini.

Nne, chimba kidogo chini ya ukuta. Ukiwa umesimama juu ya msingi wa mawe uliokwenda chini, aliyejenga alitaka ubebe. Ukiwa umewekwa tu juu ya sakafu, huenda uliongezwa baadaye kwa kugawa chumba.

Tano, tazama pembe. Matofali ya kuta mbili yakiingiana kama vidole vya mikono iliyokunjwa, kuta hizo zilizaliwa siku moja, na mmoja anamshika mwenzake. Ukikuta mstari mnyoofu katikati yake, wa pili alikuja baadaye.

Sita, katika nyumba ya orofa, tazama kama juu ya ukuta kuna ukuta mwingine. Nao mzigo wa juu haushuki mahali pamoja tu.

Saba, tazama nyufa na milango. Uzito uliokuwa ukishuka mahali penye mlango unazunguka tao au boriti ya juu, na kushuka kwa nguvu katika kipande cha pembeni. Kwa hiyo kipande chembamba kati ya dirisha na dirisha, ambacho mtu husema "hiki ni kidogo, tukiondoe", ndicho kinachobeba zaidi ya vyote.

Tena neno moja juu ya kenchi zenyewe. Ubao wa chini unaounganisha miguu miwili ya kenchi ndio pete yetu ya Roma. Wako watu wanaoukata kusudi dari iende juu na chumba kiwe na hewa. Siku ile ile miguu ya kenchi inaanza kusukuma kuta kwenda nje.

Kupiga ukuta kwa ngumi na kusikiliza sauti si kipimo. Lipu inafunika mambo mengi. Na baada ya maulizo yote saba, mtu akiwa na shaka hata moja, sharti auchukulie ukuta kuwa unabeba, amwite mtu mwenye elimu ya kazi hiyo. Ikilazimika kuuondoa, paa lishikwe kwanza kwa miti imara pande mbili, boriti ya betoni au ya chuma iwekwe juu ya mabega yenye nguvu, matofali yatolewe moja moja, wala miti ya kushikilia isiondolewe kwa haraka. Betoni huhesabiwa kuwa imefikia nguvu zake baada ya siku 28. Wanaoondoa miti baada ya siku tatu kwa sababu mwenye miti anaitaka, wanacheza na roho za watu.

6. NINAUNGAMA

Nimeandika kwamba wembamba si ushuhuda. Nilijifunza hayo nyumbani mwangu.

Miaka michache iliyopita mkutano wa shirika letu ulikuwa unafanyika sebuleni kwangu, na watu walizidi. Nilitaka kuunganisha sebule na chumba cha watoto. Ukuta wa katikati ulikuwa wa nusu tofali, umesimama juu ya sakafu bila msingi, nilipoupiga kwa ngumi ulilia kama debe. Nilikuwa nimesoma seminari ndogo, nilijiona mwenye akili, sikupanda darini. Niliubomoa siku ya Jumamosi pamoja na vijana wawili, tukacheka, tukafagia.

Siku ya Jumatano mvua kubwa ilinyesha. Tulikuwa kanisani kwa sala ya jioni. Tuliporudi, mabati yalikuwa yameinama katikati kama mgongo wa punda, na ubao mmoja wa kenchi umevunjika na kuanguka juu ya kitanda cha mwanangu. Mwashi mzee aliyekuja kutazama alinionyesha mambo ambayo macho yangu yangeweza kuyaona kwa dakika tano: mtu aliyeishi humo mbele yangu alikuwa amekata ubao wa chini wa kenchi kusudi ainue dari, na tangu siku ile kenchi ilikuwa imeshuka polepole hata kulalia ukuta ule mwembamba. Ukuta ule ulijengwa wa kugawa tu. Lakini haja ilipokuja, ulianza kubeba bila kumwambia mtu.

Kitanda kilikuwa kitupu kwa sababu mtoto alikuwa pamoja nasi kwenye sala. Namshukuru Mungu kila siku. Lakini sitaki tena kumjaribu Bwana Mungu wangu.

7. JUU YA UKUTA WETU

Sasa mnajua kwa nini nilisimama katika halmashauri na kusema: mbele ya nyundo, taa. Wengine walikasirika, maana tarehe ya Yubile ilikuwa karibu. Lakini Padri paroko alikubali, na waashi wawili wazee walipanda juu pamoja na vijana watatu.

Walikuta kenchi zote za upande wa kusini zimelala juu ya ukuta ule. Walichimba chini, wakakuta msingi wa mawe. Walitazama pembe, wakakuta matofali yameshikana kama vidole na ukuta wa altare. Basi ukuta ule unabeba paa toka juu, na tena unashikilia ukuta wa altare usilale kwa tetemeko. Kama tungeubomoa kama ilivyotakiwa, kwa siku mbili na kwa nyundo, paa la nusu ya kanisa lingebaki limelala juu ya hewa, na chini yake watu mia kadhaa wakiimba Utukufu.

Mchango wenu haukuliwa. Matofali yamepangwa nyuma ya nyumba ya padri, na yeyote aweza kuyahesabu. Fedha zimeandikwa katika daftari la parokia, nalo husomwa mbele ya wakuu wa mashirika. Halmashauri imekata shauri kumwita mjenzi mwenye elimu, apime na kuchora kama yawezekana kufungua matao mawili ndani ya ukuta bila kuuvunja nguvu. Akisema ndiyo, tutafungua kwa utaratibu. Akisema hapana, matofali yatajenga baraza pana nje, na ukuta utabaki. Kuchelewa ni hasara, lakini paa lililoanguka halirudishwi kwa mchango.

8. KUTA ZILIZO HAI

Nikiwa katekista, siwezi kumaliza bila kusema neno juu ya nyumba ile nyingine, tuliyo sisi wenyewe.

Katika uasi wa mwaka 1964, misioni nyingi za mashariki ya inchi yetu zilibaki bila padri. Nani alibeba? Wakatekista waliokusanya watu kwa Rozari, mama waliobatiza watoto katika hatari ya kufa, wazee waliozika wafu kwa sala. Kabla ya siku hizo ungetazama wengi wao ungesema: ni kuta nyembamba, za kugawa tu, hazina msingi wa masomo. Mzigo ulipowashukia, walibeba bila kumwambia mtu. Vilevile wako wengine ambao hawakubeba kitu kinachoonekana, lakini walisimama kando ya ndugu zao na kuwazuia wasianguke.

Vijana wetu, ninyi mtakaoitengeneza upya parokia hii, mnayo haki ya kuipanua. Nyumba isiyopanuliwa watoto huikimbia. Lakini kabla ya kusema juu ya desturi fulani, au juu ya mzee fulani, kwamba hana kazi tena, pandeni kwanza darini na taa mkononi, mtazame ni nini kimelala juu yake.

Bwana aliye jiwe kuu la pembeni aishike nyumba hii na wote wanaosali ndani yake. Na hao waliosali nje chini ya turubai siku ya Yubile, tunawashukuru kwa uvumilivu wao. Wote walirudi nyumbani wazima.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.